Ndege Anayekungoja Umshike

Namshukuru Mungu aliyetandaza anga kabla hajaumba cha kuruka ndani yake, akampa kila mwenye bawa njia yake na majira yake. Amenipa miaka mingi kuliko niliyoiomba. Macho yangu bado yanaona, mkono wangu bado unashika kalamu. Ninayoyaandika nayaandika mbele zake, na namwomba anizuie nisiongeze wala nisipunguze.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mashamba ya mpunga ya Madibira yalipoamka kimya. Ili uelewe ubaya wa kimya kile, lazima kwanza nikueleze kelele zake.

Nilikuwa msichana, nimemaliza la saba, nimezaliwa huku kwetu Nyololo kwenye ukungu na baridi. Mama alinituma Usangu kwa kaka yake, Mjomba Elia, nikamsaidie kuamia ndege mpunga unapoiva. Mjomba alikuwa mtu mwema. Hilo nataka ulishike tangu sasa. Mchungaji alikuwa mbali, hivyo jioni yeye ndiye aliyetuongoza sala pale kwenye vibanda vya shambani. Alikuwa na mke, Mama Neema, na mtoto wao mmoja, Neema mwenyewe, kasichana kadogo kalikokuwa kakinifuata kila mahali kameshika upindo wa khanga yangu.

Kazi ya kuamia ndege ni kupiga kelele kutwa. Unapanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti lililosimamishwa katikati ya majaruba, vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa kingo, unavuta kamba zilizofungwa makopo, unarusha udongo kwa kombeo, unapayuka mpaka sauti inakauka. Dungu letu lilikuwa mpakani, na mpaka huo tulishirikiana na Bibi Tulinagwe, mjane wa Kinyakyusa aliyekuwa akilima jaruba la pili. Alikuwa amekonda, mrefu, mkali wa macho. Mimi aliniita "mtoto wa baridi" kwa sababu jua la Usangu lilinibabua pua.

Huyo ndiye aliyenifundisha ndege. Nilidhani kwelea kwelea wanakuja tu, wanakula, wanaondoka. Akanionyesha kwamba kundi lao linabingirika. Wa mbele wakishatua na kuanza kula, wa nyuma wanaokuta masuke matupu huruka juu ya wenzao na kutua mbele yao, na wale walioachwa nyuma nao huruka, hivyo hivyo, mpaka unaona kama moshi unaoviringika juu ya shamba. Ndege mwenyewe ni mdogo, anaenea kiganjani. Lakini wakienda kulala kwenye matete au kwenye miti ya miiba, nilisikia kwa masikio yangu matawi yakikatika kwa uzito wao. Huzaa pamoja, mayai yao huanguliwa karibu wakati mmoja, na makinda yakishaota mabawa wote huhama, wanaacha viota vinaning'inia kama mji uliokimbiwa.

"Sasa sikiliza la maana," aliniambia siku ile tulipokuwa tunakula viazi juu ya dungu. "Kila ndege mzima ana mpaka wake. Kwelea anakuacha usogee, usogee, ukifika mahali fulani anaruka. Yangeyange anakuruhusu karibu zaidi, amezoea ng'ombe, anakula wadudu wanaofurushwa na kwato. Kunguru yeye anatazama mkono wako kwanza, aone kama una jiwe. Ndege asiye na mpaka si ndege mpole, mjukuu. Ni mgonjwa."

"Nitamjuaje mgonjwa, Bibi?"

"Alfajiri ndege anajivimbisha manyoya, anajifunika baridi, kama wewe na blanketi lako. Akijivimbisha saa sita mchana jua likichoma, huyo anakufa."

Usidhani Bibi alikuwa na mwiko wa kula kwelea. Tuliwala wote. Mjomba alikuwa akitundika wavu kwenye nguzo, wananaswa, tunawanyonyoa, tunawakaanga kwa chumvi. Bibi alitafuna mpaka vichwa. Alikuwa akisema, "Kichwani ndiko Mungu alikoficha utamu, nyie mnatupa." Tulicheka sana na yule bibi. Mwanangu, mtu anayekuchekesha unamwona wa kawaida. Hujui umepewa nini.

Basi jioni moja ilipita eropleni, chini chini, kuelekea kwenye matete ng'ambo ya mto, mahali kundi lilipokuwa likilala. Mimi na wasichana wenzangu wa vibanda vya jirani tulivua vitambaa vya kichwani tukaipungia. Baadaye tulijua kwamba ilikuwa ikinyunyiza sumu ya ndege, na kwamba tangazo lilikuwa limetolewa gulioni kuwa mtu asiokote ndege wala asile. Lakini sisi wa vibandani tulikuwa hatujaenda gulioni. Simu hazikuwapo mikononi mwa watu kama sasa. Sina wa kumlaumu kwa hilo. Neno lilitoka, halikufika.

Asubuhi yake ndiyo ile ya kimya. Nilipanda dungu, nikashika kamba, nikangoja moshi ule utokee upande wa mto. Haukutokea. Jua likapanda. Ndipo nikawaona. Walikuwa kwenye kingo za majaruba, wamekaa chini, midomo wazi, wamejivimbisha, wanatetemeka, wengine wamelala ubavu. Unainama unaokota, kama mtu anayechuma mboga. Hakuna aliyeruka.

Nilishuka nikamwita Mjomba. Alitoka kibandani akasimama, akatazama kingo zote zilivyojaa, akainua mikono yake juu. Machozi yalimlenga. Alikuwa ameomba kwa muda mrefu Mungu atupunguzie ndege wale, na siku wavu usiponasa kitu tulikuwa tukila mlenda na ugali tu. "Kware!" akasema. "Jamani, Mungu ametuletea kware, kama wana wa Israeli kule jangwani!" Watu wa vibanda vya jirani wakaja na vikapu na ndoo. Palikuwa na wimbo. Neema alikuwa anaokota kwa mikono miwili, anawaweka ndani ya gauni lake.

Bibi Tulinagwe alikuja akikimbia juu ya kingo, pekupeku, akipiga kelele kabla hajafika.

"Elia! Wamwage hao ndege!"

"Shikamoo kwanza, mama. Umeamkia upande gani?"

"Marahaba. Wamwage."

"Mama, si wewe juzi ulikula hapa ukatafuna na vichwa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Wale tuliwatega, Elia, walipigana na wavu. Hawa wanakungoja uwashike. Ndege anayekungoja umshike hajaletwa kwako, anakufa na kitu. Mtazame yule korongo."

Tukamtazama. Korongo mkubwa, yule mwenye mfuko shingoni, alikuwa amesimama ukingoni, mabawa yameanguka, mdomo umelala kifuani. Mbele yake palikuwa na kwelea aliowatapika. Ndege yule hula mizoga iliyooza asidhurike. Ni ndege wa machinjioni na wa majalalani, mwanangu; tumbo lake Mungu alilitengeneza kwa kazi hiyo. Leo alikuwa anatapika.

Mtu mmoja akanong'ona, "Mama ana neno." Lakini Mjomba alikuwa amekwisha kumshukuru Mungu mbele ya watu, na shukrani ikishatoka hadharani ni vigumu kuirudisha. Akasema, "Mama, Mungu akikupa kitoweo unamdai cheti? Wana wa Israeli nao waliokota kwa mikono."

"Basi imalizie hadithi, Elia," Bibi akamwambia. "Waambie pigo liliwapataje nyama ikiwa bado kati ya meno yao."

"Nitaimalizia tukishashiba."

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kama watu wanaocheka ili waendelee na walichokianza.

Sisi wasichana tulikuwa na sufuria yetu nje, kwenye mafiga. Mchuzi ulikuwa umeanza kuchemka na harufu yake ilikuwa imetujaza mate. Bibi alikuja moja kwa moja, akaipiga teke. Mchuzi wote ukamwagika majivuni na juu ya mguu wake. Ngozi ikatoka. Hakulia. Sisi ndio tuliolia, tulilia nyama. Msichana mmoja akapayuka, "Mchawi wa kitoweo huyu!" Watu wakaangua kicheko. Lilikuwa neno la mzaha. Ulimi hauna mfupa, na neno la mzaha huenda likazunguka, likarudi lina meno.

Kisha akachechemea hadi kibanda cha Mjomba. Mama Neema alikuwa anapika ndani. Mjomba akasimama mlangoni, akanyoosha mkono kwenye mwimo. "Hapa hapana, mama. Hapa ni kwa mtu." Wakatazamana. Bibi akaondoka.

Mjomba akabariki chakula. Kabla hajaonja, akaitwa haraka: maji yalikuwa yamevunja ukingo wa mfereji, na jaruba lisipowahiwa mpunga ulioiva hulala. Akaenda na jembe. Mama Neema na mtoto wakala.

Sitakueleza mchana ule wote. Neema alianza kutoka jasho na udenda, akasema haoni vizuri, akatetemeka kama wale aliokuwa amewabeba kwenye gauni. Mama yake alikuwa anatapika hata hawezi kusimama. Katika vibanda vingine nako kulikuwa na vilio. Tuliwapakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda zahanati, na mimi nilimpakata Neema njia nzima. Ng'ombe hawajui haraka. Mganga wa zahanati alipompokea mikononi mwangu, mtoto alikuwa ameshakata roho. Mganga akasema wazi, mbele yetu sote, kwamba ni sumu iliyonyunyiziwa ndege, na akatuuliza kama hatukusikia tangazo. Mama Neema alipona, lakini mikono yake haikuacha kutetemeka maisha yake yote.

Ungedhani basi jambo limejulikana. Sumu ilikuwa na jina, mganga alikuwa amesema. Lakini, mwanangu, mwanadamu akiumia sana hatosheki na sababu, anataka mtu. Msibani, baada ya kuzika, wanaume walikaa upande wa moto na maneno yakaanza polepole. Sumu, sawa, lakini yule mama alijuaje? Mbona alikuja akikimbia, kama anayejua saa? Na zile sufuria zote, mbona aliipiga teke moja tu?

Mjomba alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Akainua uso akasema, "Alichagua."

Neno moja tu. Nikaona watu wote wanalipokea, kama watu waliokuwa wakitafuta mahali pa kutua mzigo na sasa wamepaona. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Nilisimama. Msichana kusimama penye wanaume msibani ilikuwa aibu, lakini nilisimama. Nikawaeleza yote: mpaka wa kila ndege, manyoya ya alfajiri na manyoya ya saa sita, korongo. Nikasema hakuna uchawi, mtu yeyote angeweza kuona, mimi mwenyewe nilifundishwa juu ya dungu. Nilidhani nafungua mlango. Mzee mmoja akasema taratibu, "Kumbe umefundishwa." Mwingine akadakia, "Ndege wafananao huruka pamoja. Ndiyo maana sufuria yake ndiyo iliyomwagwa."

Bibi Tulinagwe alikuwa amekaa kwa wanawake, mguu umefungwa kitambaa. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Kaa chini, mtoto wa baridi. Hawa watu hawaulizi." Kisha akawaambia, "Huyu ni mtoto, anarudia maneno. Mimi ndiye mnayemtaka."

Siku iliyofuata kibanda chake kilichomwa, na mpunga wake uliokuwa umefungwa miganda uliungua nacho. Mwenyekiti wa kitongoji alimwambia aondoke kwa usalama wake mwenyewe, jua lisitue yupo. Alisema atakwenda Chimala atafute gari la kupanda kwao Rungwe. Nilimbebea furushi lake mpaka barabarani. Alitembea kwa kisigino, maana mguu ulikuwa umevimba.

Nikamwambia, "Bibi, kwa nini hukusema? Mjomba ndiye aliyekuzuia mlangoni. Ndiye aliyebariki kile chakula. Narudi sasa hivi nimwambie mbele ya watu wote."

Alisimama. Sijawahi kukaripiwa vile tena. Alinishika bega hadi likauma, akasema, "Unataka kumrushia mwenzako maiti ya mtoto wake? Anajua! Unafikiri hajui? Ile 'alichagua' ni kilio cha mtu anayejua. Mtu akimzika mtoto wake leo hawezi kuibeba na sababu leo hiyo hiyo. Itamvunja, au atamuua mtu ili aitue. Iache. Siku akipata nguvu ataifuata mwenyewe."

"Lakini wanakusingizia!"

"Wananisingizia. Wakisema mimi ni mchawi, wewe sema siyo, hata ukiwa peke yako, hata wakikuchapa. Hilo ni deni la kila mwenye kinywa. Lakini usitumie ukweli wangu kumuua yeye. Umesikia? Ukweli ni dawa, na dawa unapima aliye mbele yako."

Kisha akasema "ndaga," asante ya kwao, akapokea furushi lake. Sikumwona tena.

Baadaye, mtu wa kwetu aliyekuwa akienda kuuza mahindi Chimala akatuletea habari. Habari za Bibi zilikuwa zimemtangulia. Hakuna gari lililompakia, hakuna nyumba iliyomlaza. Alilala kwenye vibanda vya sokoni. Mguu ule ulioungua ukaoza, na hakuna aliyekubali kuufunga, kwa kuwa nani amguse mchawi? Alikufa pale, katika mji wenye watu wengi, wenye makanisa na msikiti, kwa jeraha ambalo maji ya chumvi na kitambaa safi vingeliponya. Lilikuwa jeraha la sufuria yangu, mwanangu. Mimi ninayekuandikia haya niko hai kwa mguu ule.

Mjomba Elia hakuongoza sala tena maishani mwake. Alipozeeka alipanda kuja huku Nyololo, akaniuliza alipozikwa Bibi Tulinagwe. Nikamwambia sijui, hapakuwekwa alama. Akashuka Chimala akatafuta. Aliuliza sokoni, wazee waliokumbuka walikuwa wamekwisha kufa. Akarudi, akakaa hapa barazani kwangu na kofia yake mkononi, akasema, "Mpwa wangu, nimepiga magoti njiani tu, popote." Tulilia wote wawili, na namshukuru Mungu kwa kilio kile, kwa sababu alikufa mwaka huo huo akiwa mtu mwenye amani kidogo.

Sasa nitakwambia kwa nini nimekuamshia kumbukumbu hii leo. Juma hili bundi ametua juu ya paa la jirani jioni kadhaa, na ninyi vijana, kwenye lile kundi lenu la simu, mmeandika jina la bibi anayeishi peke yake chini ya barabara, kwamba ndiye anayemtuma. Mmoja ameweka na picha ya nyumba yake. Mmeandika na vicheko chini yake. Nawajua, mnatania.

Hakuna aliyeuliza bundi anataka nini pale. Jirani amejaza mahindi stoo, panya wamejaa, na bundi hula panya. Humsikii akiruka kwa sababu kingo za manyoya yake ni laini. Anageuza shingo karibu kurudi mgongoni kwa sababu macho yake hayazunguki kama yako. Anakaa peke yake kwa sababu ndivyo anavyowinda. Bibi yule naye anakaa peke yake, kwa sababu watoto wake wamekufa. Basi.

Mwanangu, shika haya. Kinachokuja kwako bila kujitetea, kipime kabla hujakishukuru. Mungu hakasiriki ukikagua mkono wa zawadi, kwa maana si kila kilichoanguka kimetoka kwake. Akija mtu kukuonya, usimtazame uso, tazama anachokuonyesha kwa kidole. Ukikosea na mtu akafa, usitafute mgongo wa kuutwika hatia hiyo; iweke mbele za Mungu, yeye peke yake anaweza kuipokea isimuue mwingine. Mwenzako naye akikosea, mpe muda wa kuibeba. Na jina la mtu asiye na wa kumsemea likianza kutajwa, hata kwa mzaha, sema siyo. Likisemwa mara ya kwanza, sema siyo. Usingoje lipate meno.

Mimi leo jioni nimechukua godoro langu, nakwenda kulala kwa bibi yule, na nitalala huko mpaka maneno haya yaishe. Miguu inauma, lakini nafika. Anayetaka kuandika jina lake aandike na langu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akulinde unapotoka na unapoingia. Akupe sikio linalofunguka mapema, na ulimi usioogopa kubaki peke yake. Akuepushe na chakula chenye mauti na neno lenye mauti. Uzee wako ukutane na watu wenye huruma, na siku yako ya mwisho ikukute umeshikwa mkono. Amina.